Manukato kwa Mtu wa Rukuba: Aina Zake, Ukali Wake na Wakati Wake

Kabla hujatoa fedha mfukoni kulipia pafyumu, igeuze chupa. Jina kubwa la mbele, rangi ya dhahabu, umbo la kioo, vyote hivyo vimewekwa ili uipende. Yanayokuhusu yameandikwa nyuma na chini, kwa herufi ndogo: daraja la manukato hayo, mililita zake, na kilichochanganywa humo. Anayejua kusoma sehemu hiyo hadanganywi kirahisi, awe yuko dukani Musoma mjini au mbele ya mchuuzi aliyeteremka mwaloni na begi lake.

Nimewaandikia hasa watu wa kisiwa cha Rukuba, kata ya Etaro, kwa sababu maelezo mengi ya manukato huandikwa kwa ajili ya watu wa maofisini, penye kiyoyozi na zulia. Rukuba kuna dagaa juani, kuna moshi wa kubanikia samaki, kuna petroli ya injini, kuna upepo wa ziwa na jua linaloakisi majini. Manukato yanayodumu kutwa nzima ndani ya ofisi ya Dar es Salaam yanaweza kukuishia kabla hujamaliza kutembea kutoka mwaloni hadi nyumbani. Nami naamini kwamba kwa mazingira hayo chupa ndogo yenye mafuta mengi inakufaa kuliko kopo kubwa la kupuliza, na kwamba kuoga vizuri kunastahili muda wako kabla pafyumu haijastahili fedha yako.

Ukali unapimwaje

Pafyumu ya kupuliza ina vitu vitatu vikubwa: mafuta ya harufu, alkoholi, na maji kidogo. Mafuta ndiyo manukato yenyewe. Kazi ya alkoholi ni kuyabeba, kuyatawanya juu ya ngozi, kisha kupaa. Ule ubaridi unaousikia mara baada ya kupuliza ni alkoholi inayoondoka. Kwa hiyo ukali ni hesabu: katika kila mililita 100 za kilichomo chupani, mafuta ni mililita ngapi?

Maneno ya Kifaransa unayoyaona kwenye chupa ni madaraja ya hesabu hiyo. Juu kabisa kuna iliyoandikwa Parfum au Extrait de Parfum, ambayo mafuta yake kwa kawaida ni asilimia 20 hadi 30, na wako watengenezaji wanaovuka hapo. Inafuata Eau de Parfum, ambayo wauzaji huifupisha EDP, yenye asilimia 15 hadi 20. Chini yake ni Eau de Toilette, au EDT, asilimia 5 hadi 15. Halafu Eau de Cologne, asilimia 2 hadi 5, aina iliyopata jina kutokana na mji wa Köln, Ujerumani, ambako Mtaliano Johann Maria Farina aliuza maji yake yenye harufu ya ndimu na machungwa mwanzoni mwa karne ya 18. Mwisho kabisa kuna zile za kujipulizia mwili mzima, za kopo au za chupa ya plastiki, zilizoandikwa Body Spray au Body Mist. Hizo mafuta yake huwa asilimia 1 hadi 3 tu.

Kwa makadirio ya kawaida, cologne hunukia saa moja au mbili, EDT saa tatu hadi tano, EDP saa tano hadi nane, na Parfum hukaa kutwa. Kwenye upepo wa kisiwani punguza makadirio hayo.

Jihadhari na mambo mawili. Hakuna sheria ya dunia inayomlazimisha mtengenezaji afuate viwango hivyo. Ni desturi ya biashara, na kila kiwanda hujipimia. Maneno kama Intense, Elixir na Absolu yanakuahidi ukali bila kukuambia ni kiasi gani. Tena, pafyumu mbili zenye jina moja, moja EDT na nyingine EDP, mara nyingi si mchanganyiko mmoja uliozidishwa mafuta. Huwa zimetungwa tofauti, moja ikaegemea matunda na nyingine ikaegemea miti au vanila. Ukiipenda ya rafiki yako, muulize na daraja lake, usiishie kwenye jina.

Ipo njia nzuri ya kuchungulia ukweli. Tafuta orodha ya viambato kwenye boksi. Viambato vinavyozidi asilimia moja hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Karibu kila mara utaona Alcohol Denat. mwanzoni. Angalia kinachofuata. Kama ni Parfum, neno ambalo kwenye orodha hii humaanisha mafuta ya harufu na si daraja, kisha Aqua, basi mafuta hayo yamezidi maji. Kama Aqua imetangulia Parfum, maji ndiyo mengi. Haikupi asilimia kamili, lakini ikiwa chupa mbili ziko mkononi na bei ni moja, itakusaidia kuchagua.

Na ile namba kama 80% vol inayowachanganya wengi haihusu ukali wa harufu hata kidogo. Inaeleza kiasi cha alkoholi. Muuzaji akikwambia pafyumu ni kali kwa sababu imeandikwa asilimia 80, basi ama hajui au anakuuzia alkoholi.

Piga hesabu kabla ya kulipa

Tuseme umewekewa mbele vitu vitatu. Cha kwanza ni EDT ya mililita 100 yenye mafuta asilimia 8: humo mna mililita 8 za manukato. Cha pili ni kichupa cha Parfum cha mililita 30, asilimia 25: humo mna mililita saba na nusu. Cha tatu ni kopo la mililita 200 la kujipulizia mwili, na tuseme mafuta ni asilimia moja na nusu: mililita 3 tu, na sehemu kubwa ya kopo hilo ni gesi ya kusukuma. Kile kichupa kidogo kinacholingana na kidole kinakaribia kuwa sawa na chupa kubwa ya kwanza, na kinalizidi kopo zaidi ya mara mbili. Mnunuzi anayepima kwa macho atachukua kopo, hasa kama bei yake ni ndogo, na wiki mbili baadaye atalazimika kutuma mtu Musoma amletee jingine.

Ujue pia kwamba mpulizo mmoja wa chupa ya kawaida hutoa takribani sehemu ya kumi ya mililita. Chupa ya mililita 10 ina kama mipulizo mia. Mtu anayejipulizia mara mbili siku za ibada na safari za mjini tu atakaa nayo miezi mingi.

Harufu nzito na harufu nyepesi

Ukali peke yake haukuambii manukato yatadumu kiasi gani, na hapa ndipo wengi hupotea. Mafuta ya harufu ni mkusanyiko wa vitu vingi, na kila kimoja hupaa kwa kasi yake. Vyenye asili ya ndimu, chungwa, limau na mnanaa hupaa haraka sana. Hivyo ndivyo unavyovinusa mwanzo, na huondoka ndani ya dakika kumi na tano hadi nusu saa. Baada yake hujitokeza maua na viungo: waridi, asumini, ilangilangi, karafuu, iliki. Hivyo hukaa saa kadhaa. Chini kabisa hubaki vilivyo vizito: sandali, udi, ubani, miski, ambari, vanila. Hivyo ndivyo unavyovikuta kwenye kola ya shati kesho yake.

Ndiyo maana EDP iliyojaa machungwa inaweza kufa mapema kuliko EDT iliyojengwa juu ya sandali na miski. Kwa mtu wa Rukuba jambo hili lina uzito kuliko daraja lililoandikwa. Upepo na jua huharakisha kupaa, hivyo vile vyepesi vitakuaga ukiwa bado unafunga mlango. Ukitaka kitu cha kukufikisha jioni, tafuta chenye miti, ubani au viungo chini yake.

Karafuu unayoiona kwenye orodha hiyo ni jirani yetu. Pemba kuna kiwanda cha Serikali ya Zanzibar, huko Wawi karibu na Chake Chake, kinachochemsha makonyo ya karafuu kwa mvuke na kupata mafuta. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kemikali iitwayo yujenoli, na huuzwa nje kwa viwanda vya manukato, dawa na vyakula. Ukisoma Eugenol kwenye boksi la pafyumu iliyotoka Ufaransa au Dubai, ujue harufu ya karafuu imo. Wengine ngozi zao hazipatani nayo. Ndiyo sababu nchi za Ulaya huwataka watengenezaji waiandike.

Basi namna ya kununua ni hii. Ukipuliza dukani na kunusa papo hapo, unachokihukumu ni ile nusu saa ya kwanza, na wauzaji wanajua hivyo. Wewe una faida ambayo mtu wa mjini hana: safari yako ya Musoma ni ya kutwa. Ukishuka Mwigobero asubuhi, pita dukani kwanza, puliza moja mkono wa kushoto na nyingine wa kulia, zisizidi mbili au tatu, kisha nenda kwenye shughuli zako. Nusa baada ya saa moja. Nusa tena baada ya saa tatu. Ile ambayo bado unaipenda kabla ya kurudi kwenye boti ndiyo ya kununua. Muuzaji atakuharakisha, atakwambia imebaki moja. Mwache aseme.

Pua ikichoka, wauzaji wengine hukupa kahawa unuse ili izinduke. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulilinganisha kahawa, vipande vya limau na hewa tupu, na kahawa haikushinda. Toka nje uvute hewa, inatosha. Na baada ya siku chache za kutumia pafyumu moja pua yako itaizoea, utadhani imeisha nguvu na utataka kuongeza. Usiongeze, muulize mtu wa nyumbani, yeye bado anaisikia.

Mafuta matupu: atari, udi na sandali

Watu wa pwani walikuwa na manukato ya nguvu karne nyingi kabla ya madaraja ya Kifaransa. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa kwa tambuu na kumiminiwa marashi ya waridi ya Dameski. Waswahili walirithi mrashi wa kunyunyizia wageni, chetezo cha kufukizia udi na ubani, kikuba cha maua, dalia, liwa na mafuta ya kupaka. Kwao manukato hayakuwa kitu cha kupuliza; yalikuwa ya kupaka, kunyunyiza au kufukiza. Oman, nchi iliyofungamana na Zanzibar kwa damu na historia, iliendeleza utamaduni huo, na mwaka 1983 kwa matakwa ya Sultani Qaboos ikaanzishwa huko nyumba ya manukato ya Amouage, ambayo ubani wa Dhofar ni fahari yake.

Nasimulia haya kwa sababu aina hiyo ya kale, mafuta yasiyo na alkoholi, ndiyo ninayoiona inafaa zaidi kisiwani. Huuzwa kwenye vichupa vidogo vya mililita 3, 6 au 12, vyenye kijiti au kigololi cha kupakia. Watu huiita atari, au pafyumu ya mafuta. Kwa kuwa hakuna alkoholi ya kuirusha, haitangulii mbele yako kama pafyumu ya kupuliza. Hukaa karibu na mwili na kupaa polepole, na upepo hauichukui yote mara moja. Tone moja nyuma ya kila sikio na moja kwenye kifundo cha mkono vinatosha. Haisumbui sana ngozi iliyotoka kunyolewa, na haishiki moto kirahisi kama alkoholi. Na kwa wale wanaojiepusha na alkoholi kwa sababu ya imani, swali hilo halipo.

Ubaya wake ni huu: huacha doa kwenye nguo nyeupe. Paka mwilini, subiri inyonywe na ngozi, ndipo uvae.

Uwe macho na neno udi. Udi halisi hutokana na mti wa Asia uitwao Aquilaria, ambao ukishambuliwa na kuvu hutengeneza utomvu mweusi ndani ya shina kujikinga. Utomvu huo ndio wenye harufu. Si kila mti unaoupata, ndiyo maana mafuta yake halisi huuzwa kwa bei inayotisha. Kichupa kilichoandikwa Oud kinachouzwa kwa elfu chache kimetengenezwa kiwandani kuiga harufu hiyo. Hakuna ubaya, kinaweza kunukia vizuri sana, ila usikilipie bei ya udi wa kweli. Vipande vya udi vya kufukizia navyo mara nyingi ni mbao zilizopikwa na sukari na manukato. Ukifukiza nguo zako, fanya mahali penye hewa, mbali na nyavu na madumu ya petroli, na usilale na mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa.

Sandali nayo ina habari yetu wenyewe. Afrika Mashariki tuna msandali wa kwetu, Osyris lanceolata, unaoota Tanzania, Kenya na Uganda. Mafuta yake yako zaidi kwenye mizizi na sehemu ya chini ya shina, kwa hiyo wavunaji wa magendo huung'oa mti mzima. Tangu mwaka 2013 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Anayekuja na ofa ya kununua magogo yake kimyakimya anakuingiza kwenye kosa.

Pafyumu za kupima

Miji mingi ya Tanzania sasa ina maduka ya pafyumu za kupima. Muuzaji ana safu ya chupa kubwa za mafuta yanayoiga harufu za majina makubwa. Unachagua, anapima kwa bomba la sindano, anachanganya na alkoholi, unaondoka na chupa yako. Kwa mtu wa kipato cha kawaida ni njia nzuri kabisa, mradi usimame karibu uangalie. Uliza mafuta ni mililita ngapi na alkoholi ni ngapi. Chupa ya mililita 10 iliyotiwa mafuta 3 na alkoholi 7 ina asilimia 30. Iliyotiwa 1 na 9 ina asilimia 10, hata kama kibandiko kinasema EDP. Mafuta yenyewe huenda yalikwishapunguzwa nguvu kabla ya kufika dukani, kwa hiyo chukua hesabu hiyo kuwa kikomo cha juu.

Lingine kubwa zaidi: alkoholi iwe ile ya kutengenezea pafyumu. Spiriti ya kuwashia moto au ya kusafishia inaweza kuwa na methanoli, ambayo ni sumu hata ikipita kwenye ngozi au ikivutwa na pumzi. Muuzaji asiyetaka kukuonyesha dumu lake, mpite. Ukiipata nzuri, iache chupa siku chache gizani kabla ya kuianza; mchanganyiko mpya huwa na harufu kali ya alkoholi inayotulia kadiri mafuta yanavyozoeana nayo.

Ondoa samaki kwanza

Manukato hayafuti harufu, yanaongezwa juu yake. Dagaa na asumini kwa pamoja hutoa kitu cha tatu ambacho hakuna aliyekitaka. Harufu ya samaki hutokana kwa sehemu kubwa na kemikali za jamii ya amini, zenye asili kama ya magadi, na adui yake ni uchachu. Kwa hiyo ukitoka kazini, anza na ndimu au siki: jisugue viganja, kucha na mikono hadi viwiko, suuza, ndipo utumie sabuni. Uchachu huzigeuza kemikali hizo kuwa chumvi isiyopaa, na maji huiondoa. Lakini suuza vizuri mno kabla ya kutoka juani, maana maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na kupigwa na jua huunguza na kuacha madoa meusi. Mafuta ya ndimu au bergamoti yasiyosafishwa yaliyo ndani ya manukato hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo mchana wa jua kali pakia mahali palipofunikwa na nguo.

Nywele na nguo hushika harufu kuliko ngozi. Tenga nguo za mwaloni na za kutokea, na usiziweke begi moja. Kikwapa kinahitaji dawa yake. Deodoranti hupambana na bakteria wanaotengeneza harufu, na pafyumu haiwezi kazi hiyo.

Ngozi ikishakuwa safi, paka mafuta ya kawaida yasiyo na harufu kidogo pale utakapopulizia. Ngozi kavu haishiki manukato, na vaselini nyepesi shingoni huongeza muda bila gharama. Usisugue kifundo kwa kifundo. Joto la kusugua hufupisha ile sehemu ya mwanzo. Puliza, acha.

Lini, na mbele ya nani

Wavuvi wa dagaa wanajua mapumziko yao: mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti samaki, watu hushona nyavu, hupumzika, huvuka kwenda mjini. Hizo ndizo siku za EDP yako. Lakini usijipulizie kabla ya kupanda boti. Harufu tamu ikikutana na moshi wa petroli na mawimbi, abiria aliye jirani yako atatapika, na akiwa mama mjamzito utakuwa umemtesa. Beba kichupa mfukoni, ujipake ukishashuka. Chupa ya alkoholi usiipulizie kabisa karibu na karabai, jiko au dumu la mafuta: mvuke wake hushika moto hata kwenye joto la kawaida la mchana.

Kanisani, msikitini, darasani na zahanatini, watu hukaa wamebanana. Nyepesi inatosha, au tone moja la mafuta. Aliye na pumu hana pa kukimbilia ukimjia na mipulizo kumi. Mtoto mchanga hahitaji manukato yoyote. Harufu ya mama yake ndiyo anayoijua. Msibani nakushauri uache kabisa, isipokuwa kama ni desturi ya familia husika.

Bandia, na kuhifadhi

Tangu mwaka 2019 vipodozi, manukato yakiwemo, viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, baada ya kutoka kwa iliyokuwa TFDA. Unaponunua chupa ya bei kubwa, linganisha namba ya toleo iliyo chini ya boksi na ile ya chini ya chupa, zinapaswa kufanana. Angalia herufi zilizokosewa, gundi iliyovuja, kifuniko kinacholegea. Bei ikiwa robo ya bei ya kawaida, hapo hakuna muujiza. Mimi ningechagua pafyumu ya kupima ya muuzaji ninayemfahamu kuliko bandia yenye jina kubwa, kwa sababu ya kwanza angalau nimeiona ikichanganywa.

Ukifika nayo nyumbani, itoe dirishani. Mwanga, joto na hewa ndivyo vinavyoiharibu, na nyumba ya bati isiyo na dari huchemka mchana. Iweke ndani ya boksi lake, chini ya kitanda au ndani ya sanduku la nguo, imesimama. Alama ya kikopo kilichofunguka yenye 24M au 36M inakueleza miezi ya kutumia tangu kufungua. Ikibadilika rangi sana na kuanza kunuka kama siki au mafuta yaliyochacha, usijipake tena.

Kama fedha yako leo inatosha chupa moja tu, nenda na kichupa cha mafuta cha mililita 6, chenye sandali, ubani au karafuu ndani yake. Kipake kwanza upande wa ndani wa kiwiko na usubiri hadi kesho yake. Kukiwa na muwasho au wekundu, osha kwa maji mengi na sabuni, na kichupa mpe mwenye ngozi inayokubaliana nacho. Kukiwa kimya, kianze Ijumaa, Jumamosi au Jumapili, kulingana na siku yako ya ibada. Fedha ya mavuno yajayo ndiyo utaipeleka kwenye EDP ya kuvukia mjini.